Mpangaji ni Mama, si Wewe: Mwongozo wa Kuisaidia Familia Iliyotoka Mtaani Ikae Nyumbani

Siku ya kuhamia hakukosi watu. Yuko wa kubeba godoro, wa kuleta sufuria, wa kupiga picha, na sheikh au mchungaji wa kuomba dua. Mwezi wa tatu, kodi imechelewa na mwenye nyumba ameanza kunung'unika ukumbini, huoni mtu. Mwongozo huu ni wa mwezi huo wa tatu na inayoufuata. Nimemwandikia anayejitolea msikitini au kanisani, kikundi cha akina mama wanaochanga, na mfanyakazi wa jamii aliyekabidhiwa familia kumi na nauli ya kutembelea mbili.

Sensa ya familia za mtaani ya 2018 ilihesabu watu 46,639 Kenya nzima, na Mombasa ilikuwa ya pili kwa wingi baada ya Nairobi. Wengine tunawaona kila siku: kwenye baraza za maduka ya Mwembe Tayari, pembeni mwa soko la Kongowea, karibu na kivuko cha Likoni. Wengine hatuwaoni. Kuna mama na watoto wanne wanaozunguka kwa dada, kwa shangazi, kwa rafiki wa zamani, wakikunja mkeka kabla wenyeji hawajaamka. Hao hakuna anayewaita wa mtaani, ila nyumba hawana, na hatua hizi ni zao pia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Neno "chokora" liache nyumbani kwako. Likikuponyoka mara moja tu mbele ya mwenye nyumba, watoto watalisikia kwa majirani mpaka siku watakayohama.

Hatua ya 1: Hesabuni riziki kabla ya kutafuta chumba

Kodi hudaiwa kwa mwezi, riziki ya familia hizi huja kwa siku. Nyumba nyingi huvunjikia hapo, wala haina haja ya kutafuta uvivu au ulevi kama watu wanavyopenda kufanya. Keti na mama (au baba, au bibi anayelea wajukuu) akusimulie wiki iliyopita siku baada ya siku: Jumatatu alifua kwa nani, alipewa ngapi, Jumanne alizunguka akakosa. Ukimuuliza "unapata ngapi kwa mwezi?" atakutajia namba ya kukuridhisha, nawe utaiandika.

Tuchukue mfano. Mama anafua nguo Tudor na Nyali siku nne kwa wiki, 500 kwa siku. Wiki njema ni 2,000, mwezi mwema ni 8,000. Wengi wetu tungeichukua hiyo 8,000 tukamtafutia chumba cha 4,000. Hesabu mwezi mbaya badala yake, na Mombasa mwezi mbaya unajulikana, ni Mei. Masika yamekolea, nguo hazianikiki, wageni wamepungua hotelini na waliokuwa na vibarua huko wamerudishwa nyumbani, halafu shule ndiyo kwanza zimefungua muhula wa pili. Kama mwezi huo mama huyu anaambulia 5,000, chumba cha 4,000 kitamtoa. Cha 2,500 kitambana lakini atavuka.

Chumba cha bei hiyo kikikosekana, na mara nyingi kitakosekana, lililobaki ni pengo, na pengo lazima lizibwe na mtu. Semeni mapema ni nani, kiasi gani, kwa miezi mingapi. Marekani walilipima jambo hili kwa familia zaidi ya 2,200 zilizokuwa kwenye makao ya wasio na nyumba, katika maeneo 12. Waliosaidiwa kodi kwa muda mrefu ndio waliotulia majumbani. Waliopewa makazi ya mpito yaliyojaa ushauri na programu hawakupishana sana na wasiopewa kitu maalum. Basi ukiwa na pesa kidogo na unaambiwa uchague kati ya semina ya kupanga bajeti na kodi ya Mei, lipa kodi ya Mei. Mama aliyelisha watoto wanne kwa shilingi 150 hahitaji mtu wa kumfundisha bajeti.

Hatua ya 2: Chagueni mahali kwa kuangalia nauli

Familia iliyolala Kongowea miaka miwili haikulala pale kwa kupenda nzi. Malori ya mboga yakifika alfajiri kuna viazi vya kupakua, vitunguu vya kuchambua, na kabichi zilizopondeka za kwenda nazo. Ihamishie Utange kwa sababu chumba ni nafuu kwa 1,000, na matatu itaila hiyo 1,000 kabla mwezi haujafika katikati. Baada ya hapo mama ataanza kulala sokoni siku mbili tatu kwa wiki kuokoa nauli, na utaambiwa "amerudi mtaani". Chumba cha bei kidogo juu pale Maweni, anapotoka kwa miguu, ni rahisi zaidi ukipiga hesabu yote. Kwa mwenye kibarua kisiwani, Likoni inafaa, maana kwenye feri anayevuka kwa miguu halipi.

Angalia pia matibabu. Mzazi anayetumia methadoni, dawa ya kuachana na unga (heroini), kwa kawaida lazima aifuate kliniki kila siku. Ukimpangia chumba mbali na kliniki yake umemkatia dawa kwa mkono wako. Na tukiwa hapo: usiweke sharti kwamba aache unga kwanza ndipo apewe chumba. Finland, iliyoanza mpango wake wa kutoa nyumba kwanza mwaka 2008, iliamua hivyo kwa makusudi. Mtu hupewa mlango wake, kisha matibabu humfuata. Anayelala barazani ni vigumu kushika saa ya kliniki.

Chumba chenyewe kiangalieni mara mbili, mara moja baada ya mvua. Ulizeni maji: mengi ya visima vya Mombasa ni ya chumvi, yanafulia lakini hayanyweki, kwa hiyo ya kunywa na kupikia hununuliwa kwa dumu. Madumu mawili kwa siku ni sitini kwa mwezi. Zidisheni kwa bei ya mtaa huo muone kama hiyo si kodi ya pili. Ulizeni stima, kama mita ni ya chumba au tokeni huchangwa, maana ugomvi wa tokeni umehamisha watu wengi. Ulizeni choo ni cha vyumba vingapi.

Tena ulizeni jambo la kwetu hasa: ardhi ni ya nani? Pwani kuna nyumba bila ardhi, mwenye nyumba ni mmoja na mwenye shamba ni mwingine, pengine mtu asiyewahi kuonekana. Mwenye nyumba anaweza kuwa mwema kupindukia na bado tingatinga likaja. Usimuulize yeye. Waulize majirani kama kuna kesi, kama kuna watu waliokuja kupima.

Kwa mama peke yake mwenye watoto wadogo, mimi napendelea nyumba ya Kiswahili, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati, kuliko bedsita la ghorofani. Kelele zipo, na umbeya upo. Lakini akichelewa kazini kuna macho uani, na mtoto akilia kuna wa kuuliza kulikoni. Ila kama alimkimbia mume anayempiga, geuza shauri: mtafutie penye geti, mbali na ukoo wa mume, na anwani isitajwe kwenye kundi la WhatsApp la wachangaji. Namba 1195 ni ya bure kwa ukatili wa kijinsia, na 116 ni ya watoto. Ziandike ndani ya mlango.

Hatua ya 3: Mzungumze na mwenye nyumba, na mpangaji awe mpangaji

Hapa nina kosa langu la kuungama. Familia ya kwanza niliyoisimamia tuliichangia tukalipa kodi ya miezi mitatu mbele, kwa simu yangu, tukaona kazi imekwisha. Mwezi wa nne nilipita Kisauni kwa shughuli nyingine nikakuta kufuli la mwenye nyumba limefungwa juu ya kufuli la mama. Watoto wamekaa barazani na masufuria yao. Nikaenda kwa yule mzee nikiwa nimefura, naye akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwani mpangaji wangu si wewe? Huyu mama mimi simjui. Hajawahi kuniletea hata shilingi." Alikuwa sahihi. Miezi mitatu wameishi ukuta kwa ukuta na sikuwahi kumpa mama nafasi ya kusimama mbele yake na pesa mkononi.

Tangu siku hiyo sharti langu ni moja: sehemu ya kodi, hata ikiwa 500, inatoka kwa familia tangu mwezi wa kwanza, na inapelekwa na familia yenyewe. Mchango wetu tunampa mama, naye ndiye anayelipa.

Kuhusu kueleza familia ilikotoka, muulize mama kwanza. Wengine hawataki kabisa, na ni haki yao. Ukiruhusiwa, sema kweli kwa ufupi, kisha utaje kile mwenye nyumba anachokitaka. Bi mmoja wa Mlaleo alinisikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Mwanangu, alikotoka si shughuli yangu. Mimi nataka kujua tarehe tano nitamwona nani mlangoni pangu."

"Utamwona yeye mwenyewe, Bi. Akikwama utanipigia mimi, nami nitakuja siku hiyo hiyo."

"Haya. Mlete basi nimtie machoni."

Mwombeni mwenye nyumba kodi igawanywe mara mbili, tuseme tarehe 5 na tarehe 20. Kwa anayelipwa kwa siku, kushika 1,500 mara mbili ni rahisi kuliko kushika 3,000 mara moja. Pesa iliyolala ndani ina adui wengi. Wenye nyumba wanakubali zaidi ya unavyodhani, hasa wale wazee wanaoishi chumba cha mbele na wanaotegemea kodi hiyo hiyo kula.

Andikeni ukurasa mmoja kwa Kiswahili: kodi, dipoziti na masharti ya kuirudisha, tarehe za kulipa, nani hurekebisha paa likivuja, notisi ya muda gani. Kila malipo yawe na ushahidi, ujumbe wa M-Pesa usiofutwa au daftari lenye sahihi. Jina kwenye karatasi ni la mama. Lako ni la kupigiwa simu tu.

Sheria nayo ijulikane. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inatambua haki ya makazi ya kufaa, na kifungu cha 53 kinamtaja mtoto na haki yake ya malazi. Karibu zaidi na ukuta wa chumba, Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, inawalinda wapangaji wa nyumba za kuishi ambazo kodi haizidi 2,500 kwa mwezi: hawatolewi bila amri ya jopo la kodi. Kung'oa mlango au kuezua mabati ili mtu atoke ni ubabe tu. Kasoro ni kwamba hiyo 2,500 imebaki pale pale wakati kodi zimepanda, kwa hiyo vyumba vingi viko nje yake, na ile karatasi yenu ya ukurasa mmoja inakuwa na kazi kubwa. Mambo yakiharibika, Kituo cha Sheria kina ofisi Mombasa na huwasaidia wasio na uwezo.

Hatua ya 4: Siku ya kuhamia

Godoro, chandarua, jiko, sufuria mbili, madumu mawili, ndoo, taa, chakula cha wiki. Yatosha. Vingine waje kununua wenyewe.

Kufuli liwe jipya, alichague mama, na funguo zote awe nazo yeye. Usibaki na wa akiba "kwa usalama". Mtu aliyelala mahali ambapo askari wa kaunti angeweza kumwamsha saa yoyote anajua maana ya ufunguo kukaa kwa mtu mwingine.

Piga hodi chumba kwa chumba pamoja naye. Ulizeni zamu za kufagia uani na kuosha choo, na zamu ya kwanza achukue yeye. Mzee wa mtaa aarifiwe na balozi wa nyumba kumi asalimiwe, ili akija mtu kuuliza "hawa ni kina nani?" awepo wa kujibu.

Wiki za mwanzo utaona mambo usiyoyatarajia. Watoto hawataki mlango ufungwe. Wote wanalala sakafuni kwenye mkeka mmoja na godoro limeegemezwa ukutani. Mama anarudi sokoni jioni na kukaa na wenzake mpaka usiku. Usimkaripie. Barazani alikuwa na watu wa kumwangalizia mtoto, wa kugawana chapati, wa kucheka nao, na katika nyumba ile mpya bado hana hata wa kumwazima kiberiti. Upweke umewarudisha watu mtaani wakiwa wamelipa kodi.

Hatua ya 5: Vyeti

Hii ni kazi ya kuchosha, lakini haina siri. Kitambulisho kilichopotea na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vianze wiki ya kwanza. Huduma Centre ya Mombasa iko Posta, Digo Road, na barua ya chifu itahitajika mahali. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto anasumbuka kusajiliwa shuleni, na mtoto asiye shuleni ni mzazi asiyeweza kwenda kibarua. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Wasajilini wote, maana kujisajili hakulipiwi na huduma za zahanati hufuata usajili huo. Kukiwa na mzee wa miaka 70 na zaidi, au mtu mwenye ulemavu mkubwa, au yatima, ulizeni Inua Jamii, pesa ya msaada ya serikali, ambayo ni 2,000 kwa mwezi. Huchelewa. Msiipangie kodi.

Hatua ya 6: Ziara, miezi tisa

Miezi tisa sikuibuni. Kuna njia iliyoanzia New York ya kumsindikiza mtu anayetoka kwenye makao ya wasio na nyumba, na imegawanywa vipande vitatu vya miezi mitatu mitatu: kwanza uko karibu sana, halafu unamwacha ajaribu huku ukitazama, mwisho unamkabidhi kwa watu wa mahali pake. Mimi naifuata hivi: kila wiki, kisha kila wiki mbili, kisha mara moja kwa mwezi.

Ukifika usianze na kodi. Anza na watoto, na chai ikitolewa inywe. Macho yako yafanye kazi kimya. Redio iliyokuwa mezani iko wapi? Mtoto wa darasa la nne yuko nyumbani Jumatano saa nne asubuhi, kwa nini? Jiko ni baridi? Simu ya mama inazimwa kila ikikaribia tarehe 20? Hizo ni dalili, na huja wiki mbili tatu kabla ya deni.

Dalili nyingine ni wageni. Ukipata chumba, waliokuwa nawe barazani watakuja, na utu haukuruhusu kuwafungia mlango. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini jembe hili ni gumu kumkabidhi mtu aliyewahi kukufunikia mwanao kwa leso yake mvua ikinyesha. Chumba cha watu watano kinakuwa cha tisa, maji yanaisha, majirani wanalalama, mwenye nyumba anapandisha kodi. Ongeeni juu ya hili kabla halijatokea, na mama akubali kukutumia wewe kama kisingizio: "Wale walionisaidia wamekataa." Kubali kulaumiwa, ni msaada usio na gharama.

Usimsukume kwenye biashara mwezi wa kwanza. Kila mfadhili anapenda kibanda cha mahamri chenye picha nzuri. Mtaji aliopewa mtu ambaye bado hajajua dumu la maji ni ngapi mtaani kwake huliwa, na huliwa kwa haki. Ngoja mwezi wa nne. Chama cha kuchangiana nacho ni vivyo hivyo: ni kizuri, lakini mchango wa kila Jumapili ni deni, na akishindwa wiki mbili atawakwepa majirani wale wale anaowahitaji. Na muulize taratibu kuhusu Fuliza na mikopo ya simu. Pesa ya kodi ikiingia kwenye laini yenye Fuliza, deni hujikata kwanza, na mama hubaki akiitazama salio.

Hatua ya 7: Kodi ikikwama

Itakwama. Panga hivyo tangu mwanzo, na kikundi kiwe na akiba ya dharura ya angalau kodi moja kwa kila familia mnayoisimamia.

Nendeni kwa mwenye nyumba kabla ya tarehe, wewe na mama, mama akiwa mbele. Asiende mikono mitupu. Hata 700 ya 1,500 inabadilisha mazungumzo. Aseme yeye mwenyewe kilichotokea na siku atakayomalizia, na siku hiyo iandikwe. Kikundi kikiongeza, kimpe mama alipe, kama kawaida. Mkishalipa, rudini nyuma mtafute chanzo, maana kodi huwa ni mahali tatizo linapotokezea tu: mtoto alilazwa, mteja wa kufuliwa alihama, au mume amerudi na anachukua pesa. Kila kimoja kina njia yake.

Ikionekana chumba hakiwezekani tena, hamisheni familia mkiwa bado mna maneno mazuri na mwenye nyumba, kwa notisi, dipoziti ikirudi. Kuhamia chumba cha bei ndogo mtaa huo huo, shule ile ile, si kushindwa. Mimi nina familia moja iko chumba cha tatu sasa, na watoto hawajakosa muhula.

Hatua ya 8: Kujitoa

Mwezi wa saba anza kuonekana kidogo. Mama akikupigia kuhusu choo kilichoziba, muulize, "Umemwambia mwenye nyumba?" kisha nyamaza. Jirani gani anaachiwa watoto? Nani atampeleka hospitali usiku? Kama jibu bado ni wewe, ongeza miezi na uwaeleze wachangaji kwa nini.

Ziara ya mwisho ifanyieni kwa mwenye nyumba. Chukueni ile karatasi ya ukurasa mmoja, mkate namba yako ya simu kwa kalamu, na juu yake mama aandike ya dada yake, au ya jirani, au ya mtu yeyote aliyemchagua. Bi wa Mlaleo alipoletewa karatasi hiyo hakuisoma. Alikuwa amekwisha kumwita mama aje amsaidie kukuna nazi.